Nani mwenye kosa, na alipe kiasi gani? Jinsi mahakama zinavyotenganisha maswali mawili ya kesi za majeruhi

KESI ilisikilizwa kwa siku 78 katika mahakama ya shirikisho mjini Boston, Marekani, mwaka 1986. Familia nane kutoka mji mdogo wa Woburn, kaskazini mwa Boston, zilikuwa zimezishtaki kampuni mbili kubwa. Zilidai kuwa kemikali zilizotupwa katika ardhi ya kampuni hizo ziliingia katika visima vya maji ya mji na kuwasababishia jamaa zao, wengi wao watoto, saratani ya damu.

Katika siku hizo zote, hakuna mzazi hata mmoja aliyeitwa kueleza jinsi mtoto wake alivyougua, alivyotibiwa au alivyofariki. Mashahidi walizungumzia udongo, miamba, mapipa ya kemikali na mwendo wa maji chini ya ardhi.

Hali hiyo ilitokana na amri ya jaji ya kuigawa kesi katika awamu. Awamu ya kwanza ilihusu swali moja tu: je, kemikali za kampuni hizo zilifika visimani? Habari za ugonjwa zingengoja awamu iliyofuata, na kiasi cha fidia kingeamuliwa mwishoni kabisa. Awamu hizo za baadaye hazikusikilizwa kamwe.

Utaratibu wa kutenganisha swali la nani mwenye kosa na swali la kiasi anachopaswa kulipa unatumika katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, Kenya ikiwamo. Mahakama huueleza kuwa njia ya kuokoa muda na fedha. Hata hivyo, uzoefu wa zaidi ya nusu karne unaonyesha kuwa mpangilio wa maswali unaweza pia kubadili majibu yake.

Dhima na fidia

Kila shauri la madhara ya mwili, liwe la ajali ya barabarani, la kuumia kazini au la uzembe wa daktari, lina maswali makuu mawili.

La kwanza ni la dhima. Mahakama huuliza iwapo mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, iwapo aliukiuka wajibu huo, na iwapo ukiukaji huo ndio uliomdhuru mdai. Kama mdai naye alichangia ajali, mathalani kwa kuvuka barabara bila kutazama, mahakama hugawa lawama kwa asilimia.

La pili ni la fidia. Hapo huhesabiwa gharama za hospitali, mshahara uliopotea, matunzo atakayohitaji majeruhi siku zijazo, na thamani ya maumivu na ulemavu ambao hauna stakabadhi.

Katika kesi ya kawaida maswali yote mawili husikilizwa pamoja. Abiria aliyevunjika mguu akimshtaki mwenye basi, polisi wa trafiki, mashuhuda, daktari na mwajiri wake wote hutoa ushahidi katika kesi hiyo hiyo, kisha uamuzi mmoja hutolewa. Kesi ikitenganishwa, polisi na mashuhuda husikilizwa kwanza na uamuzi wa dhima kutolewa. Daktari na mwajiri huitwa baadaye, iwapo mwenye basi amepatikana na makosa. Akiachiliwa, hawaitwi kabisa.

Katika kesi kubwa za kemikali au dawa, baadhi ya majaji huongeza awamu ya tatu kwa kulitenga swali la chanzo, yaani iwapo kitu kinacholalamikiwa kinaweza kweli kuleta ugonjwa unaodaiwa.

Mwanzo wake Chicago

Kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho za Marekani, zilizoanza kutumika mwaka 1938, zilimpa jaji uwezo wa kutenganisha maswali kwa ajili ya wepesi au ili kuepusha upande mmoja kuonewa. Kwa miaka mingi uwezo huo haukutumiwa sana katika kesi za ajali.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1959, pale mahakama ya shirikisho ya kaskazini mwa Illinois, yenye makao yake Chicago, ilipotunga kanuni yake ya kuruhusu dhima na fidia zitenganishwe katika kesi za majeruhi. Wakati huo mahakama za miji mikubwa ya Marekani zilikuwa zimelemewa na mrundikano wa kesi za ajali za magari.

Mwaka 1963, Hans Zeisel wa Chuo Kikuu cha Chicago na mwenzake Thomas Callahan walichapisha uchunguzi wa takwimu za mahakama hiyo. Waligundua kuwa kutenganisha kesi kuliokoa takriban asilimia 20 ya muda wa kusikiliza. Mdaiwa aliposhinda katika awamu ya kwanza, kesi iliishia hapo. Aliposhindwa, mara nyingi pande mbili zilipatana kuhusu fedha bila kurudi mahakamani.

Takwimu hizo hizo zilikuwa na jambo jingine. Wadaiwa walishinda mara nyingi zaidi katika kesi zilizotenganishwa kuliko katika kesi za kawaida. Kanuni iliyotungwa kupunguza foleni ilionekana kuhusika pia na nani anayeshinda.

Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono utaratibu huu hutaja kwanza hatari ya huruma. Nchini Marekani kesi nyingi za majeruhi huamuliwa na jopo la raia wa kawaida. Jopo likimwona mtoto katika kiti cha magurudumu na kusikia gharama za kumtunza maisha yake yote, huenda likaona kosa mahali ambapo hapakuwa na kosa, hasa linapojua kuwa mdaiwa ni kampuni tajiri au ana bima.

Hoja yao ya pili ni gharama. Ushahidi wa fidia huhitaji madaktari bingwa, wachumi na wataalamu wa matunzo, ambao hulipwa fedha nyingi. Iwapo mdaiwa hana kosa, fedha hizo zote hupotea bure.

Wanaopinga hujibu kwamba ajali na majeraha yake ni tukio moja. Jopo lisilomwona aliyeumia huibakiza kesi kuwa mjadala wa vipimo na michoro, na halijui uzito wa jambo linaloamua. Wanaongeza kuwa kesi ya awamu inaweza kurefuka, huku majeruhi akiendelea kulipia matibabu na wakili wake, ambaye kwa desturi ya Marekani hulipwa pale tu anaposhinda, akiishiwa na fedha za kuendeshea kesi.

Yapo pia mapatano ya kimyakimya ndani ya jopo. Katika kesi ya kawaida, wajumbe wenye shaka kuhusu kosa wanaweza kukubali kumpa mdai ushindi kwa sharti la kupunguza kiasi cha fidia. Mapatano hayo hayawezekani pale jopo linapotakiwa kujibu ndiyo au siyo kuhusu dhima peke yake.

Watafiti wa saikolojia Irwin Horowitz na Kenneth Bordens walilijaribu suala hili kwa majopo ya kuigiza, na wakachapisha matokeo mwaka 1990. Kesi ilipotenganishwa, wadai walishinda mara chache zaidi. Wale walioshinda, hata hivyo, walipewa fidia kubwa zaidi, pengine kwa sababu jopo lililohesabu fedha lilikuwa tayari limeondokana na shaka juu ya kosa.

Visima vya Woburn

Kesi ya Woburn ndiyo inayotajwa zaidi katika mjadala huu. Visima viwili vya mji huo, vilivyojulikana kwa herufi G na H, vilifungwa mwaka 1979 baada ya kukutwa na kemikali za viwandani. Mwaka 1982 familia zilifungua shauri dhidi ya W.R. Grace, iliyokuwa na kiwanda karibu na visima, na Beatrice Foods, iliyokuwa imekimiliki kiwanda cha kutengeneza ngozi katika eneo hilo.

Jaji Walter Skinner aliigawa kesi kwa ombi la upande wa utetezi na licha ya pingamizi la wakili wa familia, Jan Schlichtmann. Kwa mtazamo wa utetezi, hapakuwa na haja ya kuzungumzia saratani kabla ya kuthibitishwa kwamba kemikali ziliyafikia maji.

Julai 28, 1986, jopo la watu sita liliiondolea Beatrice dhima na kuipata Grace na kosa la uzembe. Lakini jopo lilikuwa limetakiwa pia kutaja tarehe ambazo kemikali zilifika visimani, swali lililowatatiza hata wataalamu wa mwendo wa maji. Jaji aliona majibu yake yanapingana na akaamuru kesi isikilizwe upya.

Haikusikilizwa upya. Septemba mwaka huo Grace ilikubali kulipa dola milioni 8 bila kukiri kosa, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwenye gharama za kesi na ada za mawakili. Kwa hiyo swali lililozipeleka familia mahakamani, iwapo maji yale ndiyo yaliyowaua watoto wao, halikujibiwa na jopo lolote.

Majibu yalikuja kwa njia nyingine. Shirika la serikali la kulinda mazingira lilifikia uamuzi kuwa ardhi zote mbili, ya Grace na iliyokuwa ya Beatrice, zilichangia uchafuzi, na mwaka 1991 makubaliano ya kusafisha eneo hilo kwa karibu dola milioni 70 yalifikiwa na kampuni kadhaa. Mwaka 1997 idara ya afya ya jimbo la Massachusetts iliripoti kuwapo kwa uhusiano kati ya maji ya visima hivyo yaliyonywewa na mama wajawazito na saratani ya damu kwa watoto wao. Kisa hicho kilisimuliwa na Jonathan Harr katika kitabu cha mwaka 1995, na mwaka 1998 kikatengenezewa filamu, A Civil Action, John Travolta akiigiza kama Schlichtmann.

Dawa ya wajawazito

Ingekuwa rahisi kuhukumu kutokana na Woburn kwamba kugawa kesi huwanyima haki wanyonge. Kesi nyingine ya miaka hiyo hiyo inaonyesha upande wa pili.

Bendectin ilikuwa dawa ya kupunguza kichefuchefu kwa wajawazito, iliyouzwa nchini Marekani kuanzia miaka ya 1950 hadi 1983. Mamia ya familia zilimshtaki mtengenezaji, Merrell Dow, zikidai dawa hiyo iliwafanya watoto wao wazaliwe na ulemavu. Mashauri mengi yalikusanywa mbele ya Jaji Carl Rubin mjini Cincinnati.

Mwaka 1985 jaji huyo aliamuru jopo lijibu swali moja kwanza: je, Bendectin husababisha ulemavu wa kuzaliwa? Alikwenda mbali zaidi kwa kuwazuia watoto wenye ulemavu unaoonekana, na wale walio chini ya umri wa miaka 10, wasiingie katika chumba cha mahakama. Jopo liliamua kuwa haikuthibitishwa kwamba dawa ndiyo chanzo, na mamia ya mashauri yakaanguka kwa pamoja. Mahakama ya rufaa ilithibitisha uamuzi huo mwaka 1988.

Kwa wazazi, kuona watoto wao wakifungiwa nje ya kesi yao wenyewe kulikuwa jambo chungu. Lakini utafiti wa kitabibu uliofuata haukuonyesha kuwa Bendectin huleta ulemavu, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tena mchanganyiko wa viambato vile vile kwa wajawazito. Katika kesi hiyo, jopo lililozuiwa kuwaona watoto lilitoa jibu lililoungwa mkono baadaye na sayansi.

Pale ambapo haiwezekani kutenganisha

Mahakama zimekiri kuwa si kila kesi inaweza kukatwa mara mbili. Mwaka 1931 Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza kuwa swali moja linaweza kusikilizwa upya peke yake endapo tu limejitenga na mengine kiasi kwamba kulisikiliza hivyo hakutaleta dhuluma.

Kanuni za jimbo la New York huwahimiza majaji watenganishe dhima na fidia katika kesi za majeruhi pale hatua hiyo inaporahisisha shauri. Hata huko, majaji hukataa iwapo majeraha yenyewe ni ushahidi wa jinsi ajali ilivyotokea. Upande wa mwili uliovunjika unaweza kuonyesha gari lilitoka wapi. Aliyeumia kichwa na kupoteza kumbukumbu hawezi kueleza ajali, na jopo haliwezi kuelewa kimya chake bila kusikia habari za jeraha lake.

Mjadala haujaisha. Sheria iliyoanza kutumika Texas Septemba 1, 2021 inataka kesi za ajali za magari ya biashara zigawanywe mdaiwa anapoomba. Mgawanyo wake ni tofauti: dhima na fidia ya kawaida husikilizwa kwanza, na fidia ya adhabu baadaye. Kampuni ikikubali kuwa dereva alikuwa kazini, ushahidi mwingi kuhusu uendeshaji wake mbovu hauruhusiwi katika awamu ya kwanza.

Uingereza: kumngoja mtoto akue

Nchini Uingereza kesi za majeruhi husikilizwa na jaji bila jopo, kwa hiyo hofu ya huruma si sababu kuu. Kanuni za mashauri ya madai zilizoanza kutumika huko Aprili 1999 zinamruhusu jaji kutenga swali lolote, na uwezo huo hutumika sana katika kesi za watoto walioumia ubongo wakati wa kuzaliwa.

Kwa watoto hao, huenda miaka ikapita kabla ya madaktari kujua iwapo mtoto atatembea, atazungumza au ataweza kujitegemea. Kuamua fidia mapema ni kubahatisha, na kuchelewesha kila kitu ni kuwaacha mashahidi wasahau yaliyotokea. Mahakama huamua dhima kwanza. Hospitali ikipatikana na kosa, jaji anaweza kuamuru malipo ya awali kwa ajili ya matunzo na makazi yanayofaa, huku hesabu kamili ikisubiri. Hapo mgawanyo huweza kumfaa majeruhi kuliko mtu mwingine yeyote.

Hali ilivyo Kenya

Kenya nayo haina jopo la raia katika kesi za madai. Hakimu au jaji husikiliza yote na kuandika hukumu yenye sehemu mbili, dhima kwanza na fidia baadaye. Hata hivyo, maswali hayo hutenganishwa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza hutokea mdaiwa anapokosa kufika mahakamani au kujibu madai. Chini ya kanuni za mwaka 2010, hukumu ya awali huweza kutolewa dhidi yake, na kinachobaki ni mdai kuthibitisha kiwango cha fidia.

Ya pili ni kesi ya mfano. Abiria wengi wa basi moja wanapofungua mashauri yanayofanana, mahakama inaweza kuchagua moja lisikilizwe na mengine yasimame. Uamuzi wa dhima katika shauri hilo huongoza mengine, na kila abiria hubaki kuthibitisha majeraha yake.

Ya tatu, iliyozoeleka zaidi, ni maafikiano. Mawakili wa pande mbili hukubaliana kugawa lawama, kwa mfano asilimia 80 kwa mwenye gari na 20 kwa mdai, kisha huwasilisha ripoti za madaktari ili hakimu aamue kiasi cha fedha. Kesi huenda haraka na mashuhuda hawasumbuliwi.

Ni katika hatua hiyo ambapo majeruhi wengi hawatambui uzito wa wanachokubali. Tuseme maafikiano ni 70 kwa 30 na hakimu anakadiria fidia kuwa Sh2 milioni. Mdai atapata Sh1.4 milioni, na Sh600,000 zitakuwa zimemponyoka kabla ya ripoti yoyote ya daktari kusomwa. Maafikiano yaliyorekodiwa mahakamani huchukuliwa kama mkataba na hayatenguliwi kwa sababu tu mdai amejuta. Sharti athibitishe ulaghai, njama, kukosea au sababu nyingine inayoweza kuvunja mkataba.

Aidha, muda wa kufungua shauri la uzembe ni miaka mitatu, nayo sheria ya bima ya magari imeweka kikomo cha Sh3 milioni kwa kila mtu kwa kiasi ambacho kampuni ya bima inalazimika kulipa. Anayestahili zaidi ya hapo hubaki kumfuata mwenye gari mwenyewe.

Kwa sababu hizo, aliyeumia hana budi kutunza ushahidi wa maswali yote mawili tangu siku ya kwanza: taarifa ya polisi na majina ya mashuhuda kwa upande mmoja, na stakabadhi za hospitali, picha za eksirei na vithibitisho vya mshahara kwa upande wa pili. Kabla ya kutia saini asilimia yoyote, ni haki yake kumtaka wakili ampigie hesabu ya kiasi atakachopoteza.